Mkono wa miwani ukivunjika, usikimbilie supaglu

Hapa Birere, mtaa wa Goma, mteja anayeniletea miwani iliyovunjika mkono mara nyingi ameshajaribu mwenyewe. "Fundi, nilitia supaglu, ikashika kidogo, kisha ikaachia." Basi kazi yangu huanza kwa kukwangua yale magamba meupe aliyoyaacha, maana gundi nyingine haitashika juu yake. Supaglu hukauka upesi na kuwa ngumu, ila haivumilii kupindwa, na mkono wa miwani hupindwa kila ukivaa na kila ukivua. Nguvu yote huishia karibu na bawaba, palepale panapovunjika. Tena mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye vioo.

Kama ni vise (skrubu) tu iliyodondoka, shukuru. Nyingi zina unene wa milimita 1.2 au 1.4, na tone la verni (rangi) ya kucha juu ya kichwa huizuia kulegea tena. Kabla ya kuikaza, osha bawaba kwa maji ya sabuni na mswaki laini. Vumbi la Goma ni mawe ya volkano yaliyosagika, likiingia humo linakula chuma taratibu. Motari, yaani madereva wa pikipiki, ndio wateja wangu wakubwa wa vise: mkono mmoja uko kwenye usukani, mwingine unavuta miwani usoni, na bawaba inapindwa upande.

Plastiki ndiyo yenye mambo. Toa vioo kwanza, kisha weka tone dogo la asetoni (dawa ya kuondolea verni ya kucha) sehemu ya ndani isiyoonekana. Ikilainika na kunata, yaelekea ni asetati, ile ya fremu nzito zinazong'aa. Ikitoa nyufa nyeupe, huenda ni polikabonati, futa haraka. Isipobadilika kabisa, mara nyingi ni nailoni, na hiyo karibu gundi zote zinaiteleza.

Asetati naipenda kwa sababu inaungana yenyewe kwa yenyewe. Nachonga unga kutoka kipande cha fremu mbovu, nauloweka kwenye asetoni safi (ile ya kuondolea verni yenye mafuta haifai) mpaka uwe uji mzito, napaka pande zote mbili na kuzibana hadi kesho yake au zaidi. Mbabula (jiko la makaa) iwe mbali, asetoni inawaka. Lakini kiungo kitupu karibu na bawaba sikiamini. Natoboa kila upande kwa kekee ya mkono, naingiza kipande cha waya wa chuma usiozidi milimita 1, ndipo naunga. Tazama kwanza mkono dhidi ya mwanga: mingi ina waya wake ndani, na kekee ikiugonga inakwenda kombo.

Nailoni na polikabonati natia waya uleule pamoja na gundi ya epoksi ya mirija miwili, baada ya kukwaruza kwa msasa, na nje navalisha mpira unaosinyaa kwa joto, ule wa mafundi umeme. Haipendezi sana. Inavalika.

Fremu za chuma ni habari nyingine. Bati la kulehemu redio halishiki titani, na hata kwenye chuma cha kawaida ni laini mno kwa bawaba. Ulehemu wa fedha unataka joto la zaidi ya nyuzi 600, rangi yote ya jirani inaungua. Hapo nashauri mkono mwingine. Soma namba za ndani, kwa mfano 52-18-140: ya mwisho ni urefu wa mkono kwa milimita. Linganisha pia upana wa bawaba, na usichanganye wa kulia na wa kushoto.

Kazi ikiisha, pindua miwani juu chini juu ya kioo cha meza, mikono ikiwa wazi. Ikicheza, upande mmoja umeinuka: pasha asetati kwa maji ya moto yasiyochemka na uinyooshe polepole. Kwa miwani ya daktari usiruke hatua hii, hasa yenye vioo vya kuonea mbali na karibu, kwani kioo kikiinama macho hayapati tena sehemu yake.