Kitendawili cha Tocqueville maana yake nini, na jamaa alikitoa wapi

Kwa kifupi ni hivi: watu hawaiangushi serikali pale inapowabana sana, mara nyingi wanaiangusha pale inapoanza kulegeza kamba. Najua inasikika kinyume, maana wengi tumezoea kudhani shida zikizidi ndo watu wanaingia barabarani.

Wazo ni la Alexis de Tocqueville, Mfaransa wa ukoo wa makabaila, kazaliwa Paris 1805, na ukijua yaliyowakuta kwao kwenye Mapinduzi ya Ufaransa yaliyoanza 1789 utaelewa kwa nini hili swali halikumtoka kichwani. Babu wa mama yake, Malesherbes, ndo alimtetea mfalme Louis wa 16 kwenye kesi yake, na 1794 mwenyewe akapelekwa kwenye gilotini, ile mashine ya kukata vichwa, yeye na binti yake na mjukuu wake. Wazazi wa Alexis walikuwa jela wanangoja zamu yao, wakaponea kwa sababu Robespierre, kiongozi wa wanamapinduzi waliokuwa wanaua hivyo, alianguka Julai mwaka huohuo, na inasemekana baba mtu alitoka humo nywele nyeupe pee na alikuwa na miaka 22 tu.

Mwingine angekaa akawalaani wanamapinduzi maisha yake yote. Huyu akasomea sheria, 1831 akaenda Marekani kuangalia magereza na akarudi na kitabu cha demokrasia kilichompa jina, akaingia bungeni, Januari 1848 akawaambia wabunge wenzake kwamba wamelala juu ya volkano (mwezi uliofuata mfalme wa wakati huo akakimbia), 1849 akawa waziri wa mambo ya nje kwa miezi michache, halafu Louis-Napoléon, rais wa wakati huo, alipopindua serikali Desemba 1851 siasa zikamwishia.

Hapo ndo akaenda kuchimba makabrasha ya utawala wa zamani, mengine pale Tours, na 1856 akatoa kitabu. Alichokuta ni kwamba miaka ya Louis wa 16 biashara ilikuwa inakua kuliko zamani, na maeneo ya karibu na Paris ambako mageuzi yalifika mbali ndo moto ulikowakia, wakati kule magharibi, kwenye mambo ya kizamani, wakulima walikuja kuyapinga mapinduzi.

Mfano anaoutoa naupenda sana: wakulima walikuwa wanalazimishwa kutengeneza barabara bure. 1776 waziri Turgot akaifuta hiyo kazi, na tangazo la mfalme likasema waziwazi kuwa ni dhuluma kwa maskini, miezi michache mbele Turgot kafukuzwa na kazi imerudishwa. Sasa we fikiria, jana ulikuwa unabeba mawe ukijua ndo dunia ilivyo, leo unabeba mawe yaleyale na mfalme mwenyewe keshakwambia unaonewa, utayabeba kwa moyo gani?

Ila sio kanuni ya hesabu. 1789 mkate nao ulikuwa bei juu baada ya mavuno mabaya ya 1788, njaa ilikuwepo. Na wanaomtumia Tocqueville kusema "basi msirekebishe kitu" wanampotosha tu. Kinachonishangaza mimi ni kwamba mtu aliyesoma hasira ya mkulima wa Ufaransa vizuri hivyo aliunga mkono Ufaransa kuiteka Algeria kwa nguvu.

Kifua kikuu kilimuua Cannes, Aprili 1859, sehemu ya pili ya kile kitabu, yenye mapinduzi yenyewe, ikiwa haijaisha.