Unashuku tezi ya thairoidi imepungua nguvu? Maswali na majibu kuhusu vipimo

Dalili zipi zinatosha kumfanya mtu aombe kipimo?

Tezi ya thairoidi iko mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo. Homoni zake ndizo zinazopanga kasi ya mwili: mapigo ya moyo, joto, mwendo wa utumbo, ukuaji wa nywele, hedhi. Zikipungua, mtu huchoka hata akiwa amelala vizuri, husikia baridi wakati wenzake wanajipepea, na hupata choo kigumu. Ngozi hukauka, sauti hukwaruza, uso huvimba asubuhi, nyusi hunyonyoka upande wa nje. Mwanamke hedhi yake huwa nzito au huvurugika, na mimba huchelewa kushika. Uzito nao huongezeka, lakini kwa kawaida ni kilo chache; aliyeongezeka kilo 20 asiitupie tezi lawama yote.

Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo dalili ya thairoidi peke yake. Upungufu wa damu, kisukari, ujauzito na sonona hufanana nazo sana. Omba kipimo ukiwa na dalili kadhaa kwa pamoja, zilizodumu kwa wiki kadhaa. Usisitize zaidi kama una goita (uvimbe wa tezi shingoni), ulishafanyiwa upasuaji wa tezi au kutibiwa kwa iodini ya mionzi, una ndugu wa damu mwenye ugonjwa wa tezi, una kisukari cha aina ya kwanza, au umejifungua ndani ya miezi 12 iliyopita.

Nimwambie nini daktari?

Mweleze dalili zilianza lini na ipi ilitangulia. Kisha mtajie kila dawa unayotumia. Hapa ndipo mengi hupotea, kwa sababu mgonjwa hutaja dawa za leo akasahau za mwaka jana. Amiodaroni ya moyo, lithiamu ya afya ya akili, na kabimazoli (dawa ya kutuliza tezi inayozidisha kazi) iliyozidi dozi zote zinaweza kushusha kazi ya tezi. Vivyo hivyo ethionamaidi na PAS, dawa zinazotumika kutibu TB sugu. Mgonjwa wa TB sugu anayezidi kuchoka asiambiwe tu kwamba ni ukali wa dawa.

Siku hiyohiyo ni vyema kupima pia wingi wa damu, sukari, na mimba kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa. Vipimo hivyo ni rahisi, na mara nyingi ndivyo vinavyotoa jibu.

Kipimo chenyewe ni kipi?

Ni cha damu, kinaitwa TSH. Homoni hii hutoka kwenye tezi ya pituitari, chini ya ubongo, na kazi yake ni kuisukuma thairoidi. Thairoidi ikilegea, pituitari huongeza msukumo, kwa hiyo TSH hupanda. Wengi huona TSH iko juu wakadhani tezi inafanya kazi kupita kiasi. Ni kinyume chake.

TSH ikitoka nje ya kiwango, hupimwa T4 huru, yaani homoni ya thairoidi yenyewe isiyoshikamana na protini za damu. Iombe iwe "huru", kwa kuwa T4 ya jumla hupanda wakati wa ujauzito na kwa anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, hata kama tezi haijabadilika. T3, homoni nyingine ya thairoidi, haisaidii kutambua upungufu, maana hubaki ya kawaida hadi ugonjwa ukomae. Ultrasound ya shingo ni ya mwenye uvimbe. Haioneshi kiasi cha homoni. Kama fedha ni kidogo, zitumie kwenye TSH na T4 huru, usinunue furushi zima la vipimo.

Nijiandae vipi?

Si lazima kufunga kula. Nenda asubuhi, na ukirudia kipimo nenda saa zilezile, kwa sababu TSH huwa juu usiku na alfajiri, kisha hushuka mchana.

Jambo moja linaharibu majibu bila watu kujua: vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini, aina ya vitamini B. Mahitaji ya mtu mzima kwa siku ni mikrogramu 30 hivi, ilhali kidonge kimoja kinaweza kuwa na 5,000 au 10,000. Katika mashine nyingi za maabara, biotini hiyo huifanya TSH ionekane ndogo na T4 ionekane kubwa kuliko ilivyo. Tazama basi jinsi mtego unavyokaa: tezi imelegea, nywele zinanyonyoka, mgonjwa ananunua vidonge vya nywele, na vidonge vinaficha ugonjwa. Acha biotini angalau siku 2 kabla ya kutoa damu, na umwambie mtu wa maabara kwamba ulikuwa unaitumia.

Pia usipime ukiwa umelazwa kwa malaria kali au nimonia, isipokuwa daktari ana sababu maalumu. Ugonjwa mkali huyumbisha homoni hizi. Subiri wiki 6 hivi baada ya kupona.

Majibu yanasomwaje?

Linganisha namba yako na kiwango kilichochapwa kwenye karatasi hiyohiyo. Maabara nyingi hutumia TSH ya takriban 0.4 hadi 4.0. Ukiona mIU/L kwenye karatasi moja na µIU/mL kwenye nyingine usihangaike, namba ni ileile. T4 huru ni tofauti: 1 ng/dL ni sawa na karibu 13 pmol/L, hivyo usilinganishe karatasi mbili kabla ya kutazama vipimio vyake.

TSH iliyo juu pamoja na T4 huru iliyo chini ni upungufu ulio wazi, na matibabu huanza. TSH kati ya 4 na 10 huku T4 ikiwa ya kawaida haihitaji haraka: rudia baada ya miezi 2 hadi 3, maana wengi hurudi kawaida bila dawa. Hapo kipimo cha kingamwili za TPO kina faida, kwani zikiwepo kinga ya mwili inaishambulia tezi na uwezekano wa kulegea zaidi ni mkubwa. TSH ikipita 10 mara mbili, madaktari wengi hutibu. Mjamzito hahesabiwi hivi. Ana viwango vyake na asiambiwe asubiri miezi.

TSH yangu ni ya kawaida lakini naumwa. Je, niamini?

Mara nyingi ndiyo, na sababu itafutwe kwingine. Lakini kuna mwanamke mmoja asiyepaswa kuachwa na TSH pekee: yule aliyetokwa na damu nyingi sana wakati wa kujifungua, maziwa yakakataa kutoka, hedhi haikurudi, na tangu hapo hana nguvu. Pituitari yake inaweza kuwa imekufa kwa kukosa damu. Haiwezi tena kupandisha TSH, kwa hiyo karatasi inasema "kawaida" huku T4 huru iko chini kabisa. Pima zote mbili. Na kabla ya kumpa dawa ya thairoidi, kortisoli (homoni ya tezi zilizo juu ya figo) ipimwe na upungufu wake utibiwe kwanza. Vinginevyo dawa inaweza kumwangusha.

Nikitumia mwani au matone ya madini joto (iodini) badala ya kupima?

Usifanye hivyo. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za madini joto kwa siku, na chumvi iliyoongezwa madini hayo, ikifungwa vizuri na kuwekwa mbali na jua na moto, kwa kawaida inatosha. Kuzidisha kunaweza kuilegeza tezi vilevile.

Dawa ikianza?

Levothairoksini, yaani T4 ya kidonge, humezwa kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya chai. Vidonge vya kuongeza damu na kalsiamu vikae mbali nayo kwa saa 4. Mzee au mwenye ugonjwa wa moyo huanza na dozi ndogo, mikrogramu 25 hadi 50. TSH hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8. Mapema zaidi haijatulia.

Na mtoto mchanga?

Katika hospitali nyingi za kwetu watoto hawapimwi tezi wanapozaliwa, kwa hiyo mzazi ndiye jicho la kwanza. Manjano iliyopita wiki 2, kulala kupita kiasi, kunyonya kwa uvivu, choo kigumu, kilio kikavu, ulimi mkubwa, kitovu kilichotokeza: ukiona baadhi ya hizo, omba TSH na T4 siku hiyohiyo. Dawa ikianza ndani ya wiki 2 za mwanzo, ubongo huwa na nafasi kubwa ya kukua sawasawa. Kila mwezi unaopita bila dawa hupunguza nafasi hiyo, na kinachopotea hakirudi kikamilifu.