Buibui wa nyasi hajaua ndama wako

Nimeandikiwa tena, safari hii na mfugaji wa Mufindi. Ndama kavimba tumbo, kafa, na jirani kamwonyesha muuaji kwenye majani: buibui mwembamba, rangi ya nyasi kavu, eti ndama kammeza na sumu yake ndiyo iliyomuua. Ameshauriwa achome malisho yote. Ndugu yangu, weka kiberiti chini.

Huyo ni Tibellus, jina la jenasi, yaani kundi la spishi zinazofanana. Urefu kama sentimita moja, mstari mweusi mgongoni. Ukimkaribia hujilaza sambamba na bua, miguu kaiachia mbele na nyuma, humuoni. Mguse, ndipo utajua ana mbio. Hategi utando, huvizia wadudu wadogo na kuwarukia. Jike hufunga mayai kwa hariri na kuyalinda.

Sasa hilo la sumu, maana limenichosha. Sumu ya buibui hufanya kazi ikidungwa mwilini kwa meno yake. Akimezwa husagwa na magego, kisha huangukia tumbo kubwa lenye vijidudu vinavyochachua majani kutwa kucha, naye humeng'enywa kama chakula kingine. Ng'ombe wa malishoni humeza wadudu kila siku. Na mnasema “lakini tulimkuta palepale!” Nyasi ndiyo nyumba yake, mtamkuta wapi kwingine? Nendeni malisho ya jirani ambaye ng'ombe wake ni wazima, mtafute vizuri. Mtamkuta na huko.

Kinachovimbisha ni chakula. Ng'ombe mwenye njaa akiachiwa lusini changa au majani mengine ya jamii ya kunde, hasa yakiwa na umande, gesi hunaswa ndani ya povu. Hawezi kubeua. Ubavu wa kushoto unapanda, mapafu yanabanwa, na saa chache zinatosha kumuua. Mpe nyasi kavu kwanza, subiri umande ukauke, na ukiona ubavu umepanda mwite bwana mifugo saa hiyohiyo, usingoje asubuhi.

Wengine hunitumia picha za simu wakitaka jina kamili la spishi. Siwapi. Vitabu huonyesha michoro kana kwamba kazi ni nyepesi, lakini buibui mchanga hatambuliki, na aliyekomaa lazima viungo vyake vya uzazi vitazamwe kwa darubini. Majina mengi yanayotolewa kwa kutazama mistari ya mgongoni siyaamini, hata yakitolewa na wataalamu wenzangu. Kwenye daftari langu la malishoni naandika Tibellus, basi. Ukitaka zaidi, mtie aliyekomaa kwenye kichupa cha spiriti, uandike kijiji, tarehe na mwinuko.