Amsterdam hadi London kwa dakika ishirini?

Anayetoka Dar es Salaam au Nairobi kwenda London kwa kupitia Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, anaweza kukuta kwenye tiketi yake kwamba ndege ya mwisho inaondoka Amsterdam 09:00 na kufika Heathrow, uwanja wa London, 09:20. Basi habari inaenea kwamba miji hiyo imetengana kwa dakika ishirini tu. Si kweli. Kila saa kwenye tiketi ni ya mji husika, na Amsterdam iko mbele ya London kwa saa moja mwaka mzima. Safari ni saa 1 na dakika 20. Wakati wa kurudi hesabu inageuka: unaondoka 09:00 unafika 11:20, na wapo wanaoisingizia ndege kwamba imechoka.

Hata hiyo saa 1 na dakika 20 si ya kukaa angani. Kwa mstari ulionyooka viwanja hivi vimeachana takriban kilomita 370, na ndege huwa hewani kama dakika 50 hivi. Muda uliobaki unaliwa ardhini, kwa sababu ratiba huhesabu tangu ndege inaposukumwa kutoka getini mpaka inapoegeshwa. Schiphol wana njia ya kurukia iitwayo Polderbaan, iliyofunguliwa 2003, ambayo iko mbali kiasi kwamba ndege hutambaa juu ya daraja lililovuka barabara kuu ya A5, magari yakipita chini, na bado haijafika. Inaweza kuchukua robo saa. Upande wa London, Heathrow ikijaa, ndege huzungushwa juu ya Lambourne, eneo la kusubiria kaskazini-mashariki mwa London, mpaka zamu yake ifike. Mashirika yanayajua haya, kwa hiyo hujiwekea dakika za akiba kwenye ratiba. Ndege ikiwahi, abiria humsifu rubani. Mara nyingi ni akiba tu haikutumika.

Wengine hugawanya: kilomita 370, mwendo wa 800 kwa saa, chini ya nusu saa. Mwendo huo ni wa ndege iliyokwisha kufika juu, na safari fupi kama hii karibu yote ni kupanda na kushuka. Chini ya futi 10,000 ndege kwa kawaida hazizidi noti 250, yaani kama kilomita 460 kwa saa.

Halafu kuna hii ya kwamba kwenda mashariki ni haraka kwa sababu dunia inazunguka. Dunia inazunguka pamoja na hewa yake. Ingekuwa inaiacha ndege nyuma, basi anayeelekea magharibi ndiye angefaidi, maana London ingemfuata yeye. Kinachosaidia ni upepo, ambao juu ya Ulaya huvuma zaidi kutoka magharibi. Kwenye njia fupi huokoa dakika chache. Kutoka Lisbon hadi Helsinki tofauti huonekana wazi.

Na ndege siyo lazima iishinde treni. Eurostar kutoka London St Pancras hadi Amsterdam Centraal huchukua kama saa nne, katikati ya mji hadi katikati ya mji. Jumlisha kuwahi uwanjani, foleni ya pasipoti na usafiri wa kuingia mjini, utaona ndege inabakiwa na faida ndogo sana. Kwa abiria wa kuunganisha hilo halina maana: begi lake lilishaandikiwa Heathrow tangu Dar.