Simu ya Dubai sio feki, ila kuna maswali hamuulizi

Wiki hii nimeulizwa mara nne, "Fundi, hii og (yaani orijino) au feki?" Nikijibu ni og ila ya soko la nje, mtu anadhani namzungusha. Jamani! Tangu TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wazime simu feki ile Juni 2016, watu wengi wamebaki na makundi mawili tu kichwani, na nusu ya simu ninazoshika hapa Makoroboi, Mwanza, haziingii vizuri kwenye hilo swali. Ni simu halali kabisa ya kampuni ileile, ila ilitengenezwa iuzwe Marekani, Hong Kong au Emirates, mtu akainunua huko akaileta bila kupitia wakala wa hapa. Ndio maana bei inashuka. Mimi mwenyewe natumia ya hivyo.

Juzi kaja mama wa dagaa kutoka Mwaloni na iPhone 14 bado ina nailoni kwenye kioo, ameshika pini anaizungusha kila upande anatafuta pa kuweka laini, anaamini muuzaji ameziba tundu kwa gundi. Mama, hakuna tundu! Ya Marekani kuanzia 14 haina kabisa, inatumia eSIM tu, yaani laini iliyomo ndani ya simu bila kadi. Angechukua ya Hong Kong angeweka laini mbili za kawaida. Nikamwelekeza aende dukani kwa mtandao wake na kitambulisho cha NIDA wamhamishie namba, ikaisha. Muuzaji alimwambia "mpya, full box" na hakudanganya, ila alijua anamuuzia nani na akanyamaza, hilo ndo linaniuma.

Kwahiyo kama ni iPhone, kabla hujatoa hela ingia Settings, General, About, soma namba ya modeli. Mwishoni LL/A ni Marekani, ZA/A ni Hong Kong, B/A ni Uingereza. Herufi ya kwanza nayo uiangalie, M ni mpya ya dukani, F ni refabu (iliyotumika ikakarabatiwa) ya Apple wenyewe, N ni ile mteja aliyopewa kubadilishiwa mbovu. Ukiambiwa full box halafu inaanza na N, muulize vizuri.

Palepale shuka mpaka Carrier Lock, panapoonyesha kama simu imefungwa kwa mtandao mmoja. Isome No SIM restrictions, basi, maneno mengine yoyote usichukue. Simu nyingi za Marekani zinatolewa kwa mkopo na mtandao wa kule, zinafungwa mpaka deni liishe, sasa zikifika huku kuna watu wanachomeka kile kikadi chembamba chini ya laini ili zishike mtandao. Dukani inapiga vizuri, unaenda nayo Igoma unafurahi, siku ukiapdeti inagoma, unakuja kwangu unataka nifanye muujiza. Toa laini mwenyewe uangalie chini yake! Halafu weka laini yako wewe, piga simu, washa data, usikubali kuonyeshwa kwa waifai ya duka. Na akaunti ya mtu wa kwanza (Apple ID au ya Google) iwe imetolewa.

Kuhusu 15090, namba ya TCRA ya kuhakiki simu. Kupiga *#06# upate IMEI (namba ya utambulisho wa simu) na kuituma huko ni lazima, lakini jibu linakwambia habari za namba, halikwambii habari za simu uliyoshika. Hizo tarakimu 15 zinakopiwa. Feki inaweza kubeba IMEI ya simu halali na ikajibiwa vizuri tu. Linganisha ya kwenye simu na ya kwenye boksi, na ya kwenye kitreya kama ipo.

Waranti sasa. Samsung ya Dubai waranti yake ni ya huko, wakala wa hapa anaweza kuikataa na yuko sahihi, msiende kugombana naye. Waranti yako ni yule uliyempa hela. Dai risiti ya EFD, na IMEI iandikwe kwa kalamu nyuma na mhuri juu yake.

Refabu iliyofungwa vizuri kwa nje hata mimi inanipiga chenga, na miaka yote hii ya kazi. iPhone mpya mpya zinakuonyesha kipande kilichobadilishwa palepale kwenye About, ila Android nyingi mpaka nifungue mfuniko nione gundi. Kwahiyo muuzaji akikupa siku saba za kurudisha kwa maandishi, mwongezee hata elfu ishirini yake, na hizo siku saba ichaji, ipigie, shinda nayo juani.