Kwenye Wodi ya Watoto Njiti, Mzazi Hana Zamu

Mzazi anayeingia mara ya kwanza kwenye wodi ya uangalizi maalumu wa watoto wachanga mara nyingi husimama mbali kidogo, mikono ameificha nyuma. Mbele yake ipo inkubeta, sanduku la kumtunzia mtoto joto, mpira mwembamba umepita puani, nyaya kifuani, namba zinapanda na kushuka kwenye skrini, na katikati ya hayo yote kalala mtoto ambaye pengine hajafikisha kilo moja na nusu. Kabla hata ya kuuliza hali ya mtoto, anauliza: "Nesi, naruhusiwa kumshika?"

Swali hilo hunisononesha. Mtu anaomba ruhusa ya kumshika mwanawe! Lakini lina historia. Kwa miaka mingi wodi hizi ziliendeshwa kwa kumweka mzazi nyuma ya kioo, aje saa za kutazama wagonjwa, aondoke, aitwe mtoto akishapona. Kilichoogopwa ni maambukizi, na kweli maambukizi huua watoto hawa. Ila kinga yake inajulikana: vua pete na saa, kata kucha, nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka kila unapoingia na kabla ya kumgusa mtoto, na ukiwa na mafua au kuhara, sema mapema. Kanuni hizo zinamhusu muuguzi na daktari vilevile, na mzazi akimkumbusha nesi kunawa, nesi asinune.

Kilichoanza kulegeza mambo kilikuwa uhaba. Mwishoni mwa miaka ya 1970 jijini Bogotá, Kolombia, inkubeta hazikutosha, na Dkt. Edgar Rey Sanabria akaanza kuwaweka watoto njiti kifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Huo ndio mwanzo wa huduma ya kangaruu. Miaka hiyohiyo, jijini Tallinn, Estonia, Dkt. Adik Levin alipungukiwa na wauguzi. Akawaacha akina mama wakae na watoto wao usiku na mchana, wawalishe na kuwabadilisha, wauguzi wabaki na sindano, dawa na kazi ya kufundisha. Baadaye Kanada ikaurekebisha mpango wa Tallinn. Utafiti uliohusisha wodi 26 za Kanada, Australia na New Zealand, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba watoto waliohudumiwa na wazazi wao kwa namna hiyo waliongezeka uzito vizuri zaidi, na wazazi wenyewe walikuwa na msongo mdogo wa mawazo.

Kuhusu kangaruu, ushahidi ni mzito zaidi. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania kwa watoto wa kilo 1 hadi pungufu kidogo ya kilo 1.8. Kati ya waliowekwa kifuani mapema bila kusubiri hali itulie, asilimia 12 walifariki ndani ya siku 28. Kati ya waliosubirishwa, asilimia 15.7. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza kangaruu ianze mapema iwezekanavyo, saa 8 hadi 24 kwa siku. Hakuna muuguzi awezaye kumkumbatia mtoto mmoja saa 8 wakati ana wengine sita wa kuwahudumia. Saa hizo ni za mama, baba, au ndugu waliyemchagua.

Kushika nako kuna namna yake. Ngozi ya mtoto njiti haipendi kupapaswapapaswa. Pasha mikono joto, weka mmoja kichwani na mwingine uikunje miguu yake taratibu, kisha tulia. Akitanua vidole, akipiga chafya au kwikwi, akigeuza uso, akibadilika rangi, amechoka. Mpe nafasi na umwite muuguzi rangi isiporudi. Mikono hiyohiyo, au tone la maziwa mdomoni, humpunguzia maumivu anapochomwa kisigino kutolewa damu. Kwa hiyo usikubali kutolewa nje kwa mazoea tu wakati huo. Uliza kama unaweza kubaki.

Maziwa ndiyo yanayowaliza akina mama wengi. Anakamua nusu saa anapata vijiko viwili, halafu mtu anapita na kusema "mbona kidogo?" Neno hilo lisitamkwe wodini. Dang'a, yaani maziwa ya kwanza, hata ikiwa matone, ni kinga ya matumbo ambayo bado hayajakomaa. Anza saa za mwanzo baada ya kujifungua, kamua mara 8 hadi 12 kwa siku, na za usiku zimo. Mtoto kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio huja karibu na wiki ya 34, ukihesabu tangu mwanzo wa ujauzito. Kabla ya hapo mpira wa kulishia unafanya kazi, na mama anaweza kufundishwa kulishika bomba la maziwa wakati maziwa yanashuka.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna mashine inayoliweza. Wauguzi hubadilishana zamu, madaktari hubadilishana mizunguko, mzazi ndiye aliyemwona jana, juzi na leo. Anaposema "leo hayuko kama jana", huenda skrini bado haijaonyesha kitu. Nawaambia wauguzi wapya: msijibu "ni kawaida" kabla hamjamtazama mtoto. Tumbo kujaa, kulegea, ngozi kuwa na madoadoa ya kijivu, kupumua kusimama kwa sekunde 20, hayo hayangoji zamu ijayo. Kwa upande wake mzazi asiishi kwenye namba. Kengele nyingi hulia kwa sababu waya umelegea. Mtazame mtoto, umwite nesi, usizime kengele mwenyewe.

Tunagombana pia, tusidanganyane. Nesi wa asubuhi kasema mtoto atolewe kwenye inkubeta awekwe kangaruu, wa jioni kakataa. Mzazi anahisi anachezewa. Mara nyingi wa jioni ana sababu, mtoto amekuwa akisahau kupumua tangu mchana, ila hakuisema. Dawa ni mpango wa siku uandikwe kando ya kitanda, mzazi awepo daktari anapopita, na awe na daftari lake la uzito, maziwa na maswali. Kuuliza "kwa nini" ni haki yake. Kumtukana nesi si haki yake. Na asiyeweza kukaa wodini kutwa kwa sababu ya watoto wengine nyumbani, kazi, au mshono unaouma asihesabiwe kwamba hajali. Apigiwe simu, apewe habari za kweli, hata zikiwa mbaya.

Baba, tafadhali, usitumike kununua dawa tu. Kifua chako kina joto lilelile.

Kabla ya kuruhusiwa, mzazi alale na mtoto usiku mmoja au miwili chumba cha jirani, muuguzi akiwa umbali wa kuitwa. Apime joto mwenyewe na ajue kwamba la kawaida ni nyuzi 36.5 hadi 37.5. Atoe dawa za matone kwa mkono wake. Aeleze kwa kinywa chake dalili za kumrudisha mtoto: kukataa kunyonya, kupumua kwa kasi, mwili wa baridi au wa moto, degedege, manjano iliyofika viganjani. Asipoweza kuzitaja, muuguzi akae naye tena kabla ya kusaini karatasi.