Sahani za "Kichina" zilizozaliwa Uingereza: dhana potofu kuhusu shinuazeri

Shinuazeri ni mtindo wa Ulaya wa sanaa na mapambo unaoiga China na Asia Mashariki.

Dhana: Sahani ya buluu yenye mti wa mwerebi, daraja, watu watatu na ndege wawili ni ya Kichina, na inasimulia ngano ya kale ya huko.

Mchoro huo ulibuniwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 18, kwa kuunganisha vipande vya michoro iliyokuja na kauri za China. Kisa cha wapenzi waliogeuka ndege nacho kilitungwa Uingereza, sahani zikiwa tayari sokoni.

Ushahidi uko kwenye sahani yenyewe. Fundi alichonga mchoro kwenye bamba la shaba, akalijaza rangi ya buluu ya kobalti iliyochanganywa na mafuta, akachapa kwenye karatasi nyembamba. Karatasi ilisuguliwa juu ya sahani iliyokwisha kuchomwa lakini haijapakwa glezi (tabaka la juu linalong'aa kama kioo), kisha ikaondolewa kwa maji. Sahani ilirudishwa motoni kuunguza mafuta, maana yakibaki glezi haishiki. Kwa hiyo kagua ukingo: pambo lake lilibandikwa vipande vipande, na mara nyingi utaona mahali ncha mbili zilipokosa kukutana sawasawa. Kwa kioo cha kukuzia, kivuli ni nukta na mistari. Brashi ingeacha rangi iliyotandaa.

Dhana: Makabati meusi ya Ulaya yenye picha za dhahabu yamepakwa laka ileile ya Japani.

Laka halisi ni utomvu wa mti wa Asia Mashariki, nao hukauka kwenye hewa yenye joto na unyevu. Ulaya haikuwa na mti huo. Mafundi wake walitumia shelaki, utomvu wa wadudu wa India, wakaiyeyusha kwenye spiriti na kupaka tabaka juu ya tabaka. Stalker na Parker walichapisha mwongozo wa kazi hiyo Uingereza mwaka 1688. Ukiwa na kabati la aina hii, usilifute kwa spiriti kamwe: itayeyusha kazi yote.

Dhana: Wabunifu hawakuijua China.

Wengi, kweli. Lakini msanifu majengo William Chambers alifika Canton, mji wa bandari wa China, na bado pagoda (mnara wa Kichina wa ghorofa nyingi) aliyoijenga katika bustani ya Kew, London, mwaka 1762 ina ghorofa 10, ilhali desturi ya China ni idadi witiri.

Dhana: Shinuazeri ni mapambo tu, hayana maana zaidi.

Yana maana nzito. Katika Nyumba ya Kichina ya Potsdam, Ujerumani, iliyojengwa 1755–1764 kwa amri ya mfalme Frederick II wa Prussia, sanamu zilizopakwa dhahabu zinakunywa chai na kupiga muziki mchana kutwa. Hiyo ni Asia isiyo na wakulima, wafanyabiashara wala serikali, Asia iliyoumbwa kumstarehesha mtazamaji.

Wala ndoto haikuwa ya upande mmoja. Miaka hiyohiyo mfalme Qianlong wa China alimtumia mchoraji Mwitalia Giuseppe Castiglione kubuni majumba ya Kizungu katika bustani ya Yuanmingyuan, Beijing. Majeshi ya Uingereza na Ufaransa yaliipora bustani hiyo mwaka 1860, kisha yale ya Uingereza yakaichoma, na magofu ya mawe yanayoonekana hadi leo ni hasa ya majumba hayo ya Kizungu.